Maswali ya Wasomaji: Ruzuku za Mifuko ya Dini na Vikundi Vyetu vya Huduma

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinahusu jambo moja: vikundi vidogo vya huduma, vya kutunza wazee, kulea yatima na kufundisha watoto wadogo, ambavyo vinaomba au vimekwisha kupata ruzuku kutoka kwa mifuko na mashirika yaliyoundwa na watu wa dini. Tumechagua chache. Majina ya waandishi, pamoja na ya wafadhili wanaolalamikiwa, tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha.

*Ndugu Mhariri, kikundi chetu kinahudumia wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Wanachama ni Waislamu na Wakristo, na wazee wenyewe vivyo hivyo. Tumeshauriwa kupeleka andiko la mradi kwa shirika la kanisa lililoko Ulaya, lakini baadhi ya wenzetu wanahofu kwamba tukipokea fedha hizo tutalazimika kufungua vikao kwa sala za wafadhili, au wazee Waislamu watabaguliwa. Tufanyeje? — Katibu wa kikundi, Muheza*

Ndugu Katibu, hofu ya wenzako si ya bure, maana wapo watoaji wanaofungamanisha msaada na mahubiri, na mna haki kamili ya kuwakataa. Lakini si wote walio hivyo, na njia ya kuwatambua si kutazama msalaba au hilali iliyochapwa juu ya barua yao, bali ni kuuliza swali ambalo waombaji wengi huona haya kuliuliza: fedha hizi zimetoka wapi? Asili ya fedha ndiyo inayozaa masharti yake, na mfuko mmoja unaweza kuwa na fedha za asili mbili au tatu ambazo masharti yake hayafanani hata kidogo.

Chukua mfano wa Misereor, shirika la Kanisa Katoliki la Ujerumani lenye makao yake mjini Aachen. Maaskofu wa nchi hiyo waliliunda mwaka 1958, kwa wazo la Kardinali Josef Frings wa Köln, ili lipambane na njaa na maradhi, na kazi ya uinjilishaji haikuwekwa mikononi mwake; kwa kazi hiyo lipo shirika jingine liitwalo missio. Sehemu ya fedha za Misereor ni sadaka inayokusanywa parokiani wakati wa Kwaresima, lakini sehemu nyingine, tena kubwa, ni kodi ya wananchi wa Ujerumani, ambayo tangu mwaka 1962 serikali yao huipitisha katika vyombo vilivyoundwa na makanisa kwa ajili hiyo, Wakatoliki kwa chombo chao na Waprotestanti kwa chao. Kodi hiyo hulipwa na Mkristo, na Mwislamu, na asiye na dini yoyote, na kwa sababu hiyo haiwezi kulipa mhubiri wala kujenga altare. Upande wa Waprotestanti, shirika linalojulikana zaidi ni Brot für die Welt, lililoanza mwaka 1959 na ambalo sasa makao yake yako Berlin. Kwa kawaida mashirika ya namna hii hayaji kuendesha miradi yenyewe, bali hutoa ruzuku kwa asasi za wenyeji ambazo tayari zinaifanya kazi.

Ipo pia kanuni ya maadili ya mwaka 1994, iliyoandaliwa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika mengine, yakiwemo Caritas Internationalis, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya misaada ya maafa, lakini mashirika mengi huifuata hata nje ya maafa: msaada hutolewa kwa kutazama hitaji la mtu, si imani yake, na hautumiki kuendeleza msimamo wowote wa kisiasa au wa kidini. Ulizeni kama shirika mnaloliendea linaifuata. Isitoshe, ninyi mnaishi Muheza, na Hospitali Teule, ambayo asili yake ni Kanisa la Anglikana, imewatibu wazee wenu wa dini zote kwa miaka mingi. Nadhani mifano iliyo karibu namna hiyo huwatuliza wanachama kuliko maelezo yangu.

Hata hivyo, msitarajie mfuko wa dini uache imani yake mlangoni. Mfuko wa Kikatoliki hautalipia vidonge vya kupanga uzazi, na mfuko wa Kiislamu unaweza kuwataka msiweke fedha zake katika akaunti inayozaa riba. Masharti ya aina hiyo yanahusu fedha yenyewe itumikeje, na kikundi kinaweza kuyakubali bila kuvunja heshima yake. Sharti linalomhusu mzee, kwamba asali wapi au ahudhurie nini ili apate uji na dawa, ndilo la kukataa. Andikeni katika katiba ya kikundi kwamba huduma hutolewa bila kubagua dini, kisha ombeni kifungu hicho kirudiwe katika mkataba wa ruzuku. Mfadhili akisita kukiweka, mtakuwa mmepata jibu lenu.

*Mhariri, kuna bwana amejitokeza kwetu akisema anafahamiana na wakuu wa mfuko mmoja wa kanisa, na kwamba tukimpa ada ya fomu, pamoja na asilimia kumi ya ruzuku itakapotoka, maombi yetu yatapita. Tumwamini? — Kijana, Singida*

Hapana. Mfuko wa kweli hautozi ada ya fomu wala haumtumi dalali. Kumlipa mtu ujira unaojulikana ili awasaidie kuandika andiko si kosa. Kumwahidi fungu la ruzuku ni kumpa fedha ambayo mtoaji hakuikusudia kwake, na mkaguzi atakapoikuta, atakayejibu ni kikundi, si yeye. Andikeni moja kwa moja kwa ofisi ya mfuko huo, au ulizeni kwenye ofisi ya jimbo au dayosisi iliyo karibu nanyi.

*Assalaam alaykum. Mfuko mmoja wa Kiislamu ulitupatia fedha za kuwasaidia wajane na mayatima wa kijiji chetu. Baada ya kugawa, kiasi kidogo kilibaki, nasi tukaomba kimalizie kisima ambacho wajane hao hao watakitumia. Wakakataa katakata. Je, kisima si sadaka? — Mweka hazina wa kamati, Kilwa*

Wa alaykumu salaam. Kisima ni sadaka, tena ni sadaka yenye kuendelea; lakini kwa jinsi ulivyoeleza katika barua yako ndefu, fedha mlizopewa zilikuwa zaka, na zaka ina wenyewe. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba imetaja makundi manane yanayostahiki: mafakiri, maskini, wanaoitumikia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, watumwa wa kukombolewa, wenye madeni, walio katika njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyeharibikiwa. Mwenye mali iliyofikia kiwango na kuzungukiwa na mwaka hutoa asilimia 2.5 kwa ajili ya hao, wala si kwa kila jambo jema. Wanazuoni wengi wa tangu zamani wanataka zaka iingie mkononi mwa anayestahiki na iwe mali yake. Kisima hakimilikiwi na mjane. Atakunywa yeye, na atakunywa pia mwenye duka ambaye yeye mwenyewe anapaswa kutoa zaka.

Wapo wanazuoni wa siku hizi wanaoipanua maana ya njia ya Mwenyezi Mungu hadi ikaingiza maslahi ya jamii nzima, na kwa kauli yao kisima kingeweza kuingia. Safu hii haitoi fatwa. Ninachoweza kusema ni kwamba kila mfuko hufuata kauli ya masheikhe wanaoushauri, na ni bora mwulize kauli hiyo kabla ya kusaini, kuliko kubishana nayo fedha ikiwa imekwisha ingia benki.

Hapa ndipo swali la asili ya fedha linaporudi kwa nguvu zaidi. Shirika kama Islamic Relief, lililoanzishwa Birmingham nchini Uingereza mwaka 1984, huwaachia watoaji wenyewe waseme kama wanatoa zaka, sadaka au wakfu, na mtoaji akishatamka nia yake, shirika halina mamlaka ya kuigeuza. Sadaka ina uwanja mpana: kisima, mabati ya darasa, hata nauli ya mwalimu, yote yanawezekana. Wakfu una tabia yake nyingine, kwa kuwa mali yenyewe hufungwa isiuzwe, isirithiwe wala kutolewa zawadi, na yanayotumika ni mapato yake tu. Wakristo nao wana jambo la namna hii, ingawa hawaliiti hivyo: aliyetoa kwa ajili ya wenye njaa wakati wa Kwaresima ana haki ya kutokuta fedha yake katika rangi ya ofisi.

Kwa hiyo, kilichobaki kiandikieni taarifa, mkiambatanisha orodha ya wajane wengine wanaostahiki ambao hamkuwafikia, na muombe ruhusa ya kuwagawia. Ombi la kisima lipelekeni peke yake, mkieleza waziwazi kwamba mnaomba fedha ya sadaka. Nimewahi kuona maombi mazuri yakikataliwa kwa sababu tu yalichanganya mambo haya mawili katika bajeti moja.

*Bwana Yesu asifiwe. Sisi ni kikundi cha akina mama tunaolea yatima majumbani mwetu. Mfuko wa waumini unaotusaidia unadai risiti ya kila senti, mkaguzi kutoka nje, na taarifa ya kila robo mwaka, lakini unakataa kumlipa posho mama anayeziandaa taarifa hizo. Je, sadaka nayo hukaguliwa? Na serikali inaingiaje hapo? — Mama mlezi, Njombe*

Amina, Mama. Sadaka hukaguliwa, na ilikaguliwa kabla hatujajua mkaguzi ni nani. Mtume Paulo, alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba alimtuma Tito pamoja na wengine walioaminiwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha hizo, na kwamba alitaka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Waislamu wana aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, ambayo inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawili wawepo. Fedha ambayo mtu amejinyima ili aitoe kwa jina la Mungu inastahili daftari zuri kuliko fedha ya biashara, maana mwenye biashara huweza kuja kudai chake, ilhali mtoaji amekwisha kwenda zake.

Lakini risiti ya kila senti ni sharti lililoandikwa na mtu ambaye hajawahi kununua maharage gulioni. Mama anayeuza kwa debe hana mashine ya kutoa risiti, na kumlazimisha awe nayo ni kuwafukuza mkanunue mjini kwa bei ya juu, kwa fedha ile ile ya yatima. Njia inayokubaliwa na wafadhili wengi ni hati ya malipo ya kikundi: tarehe, kitu kilichonunuliwa, kiasi, jina na namba ya simu ya muuzaji, saini au dole gumba lake, na saini za wanachama wawili walioshuhudia. Ombeni mkataba utaje kiwango ambacho chini yake hati hiyo itatosha, na ambacho juu yake risiti ya dukani itahitajika. Fedha za ruzuku ziwe na akaunti yake, zisichanganyike na zile za VICOBA vyenu, na watia saini wasiwe watu wa nyumba moja. Jambo hili la mwisho huonekana dogo mpaka siku ndugu wawili wanapogombana.

Kuhusu serikali, Tanzania Bara ina Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2005 na 2019, na chini yake cheti cha usajili sasa hudumu kwa miaka 10 kisha huhuishwa. Kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yanayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuweka wazi chanzo na matumizi ya fedha hizo, na kuuwasilisha mkataba wa ufadhili Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kikundi kidogo kilichosajiliwa halmashauri kina utaratibu wake, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya ndiye wa kumwona kwanza. Taasisi za dini zenyewe husajiliwa kwa njia tofauti, chini ya Sheria ya Jumuiya iliyo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa hiyo msidhani kwamba cheti cha kanisa linalowalea kinawafunika ninyi pia.

Katika suala la posho ninasimama upande wenu. Mfuko unaotaka taarifa nne kwa mwaka, kila moja na viambatisho vyake, umeagiza kazi, na kazi ina ujira wake. Imezoeleka miongoni mwa wafadhili wa dini kudhani kwamba kwa kuwa wao wanatoa kwa moyo, anayepokea naye atumike kwa moyo hata pale anapoacha shamba lake msimu wa palizi ili ajaze majedwali. Wekeni gharama za uendeshaji katika bajeti bila kuzificha ndani ya chakula cha watoto. Wakikataa tena, hesabuni saa za mama huyo anayeandaa taarifa, pamoja na kuni, maji na vyumba mnavyovitoa bure, mkayaandike yote kama mchango wa kikundi, kwa kuwa wafadhili wengi hutaka mwombaji aoneshe amechangia nini. Angalau mzigo mnaoubeba utaonekana katika karatasi zao.

*Kwa Mhariri. Shule yetu ya chekechea iliyo chini ya msikiti ilisaidiwa na mfuko wa dini kwa ujenzi na mishahara ya walimu wawili. Mkataba unakwisha mwaka ujao. Wazazi ni wavuvi na wakulima, karo wanailipa kwa shida. Tutafunga? — Mwalimu, Kwale*

Mwalimu, Mombasa, jirani zenu, walikutana na tatizo hili kabla yenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan, imamu wa Waismailia, wakimwomba msaada kwa sababu watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma shuleni. Wakfu wa Aga Khan, ulioanzishwa mwaka 1967, ukakubali, na mpango wa chekechea za madrasa ukaanza chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulivuka kwenda Zanzibar na Uganda. Watoto walijifunza kwa kucheza, kwa vifaa vilivyotengenezwa na vitu vya nyumbani, na mafunzo ya dini yalikwenda sambamba na hesabu na lugha. Inafaa pia kukumbuka kwamba walioomba walikuwa wengi wao Sunni na aliyeombwa alikuwa kiongozi wa Shia Ismailia. Waliyamaliza hayo kwa kuiacha shule mikononi mwa jamii yenyewe.

Namna walivyoikabidhi ndiyo inayokuhusu. Kila jamii iliingia mkataba na kituo cha mafunzo cha mpango huo, ikaunda kamati ya shule yenye wanawake ndani yake, ikatoa jengo au kiwanja, na kituo kikawafundisha walimu na wanakamati kwa kipindi kilichojulikana tangu mwanzo. Wakaona baadaye kwamba mafunzo peke yake hayalipi mshahara. Ndipo ulipoanzishwa utaratibu wa mfuko wa akiba: jamii ilichangisha kiasi chake, Wakfu ukaongeza chake, fedha za shule mbalimbali zikawekezwa kwa pamoja, na kila shule ikawa inapata gawio la kuisaidia kulipa walimu na kutengeneza vilivyoharibika.

Nisikudanganye kuhusu ukubwa wa gawio. Tuseme mmefanikiwa kuweka shilingi 1,000,000 za Kenya mahali panapoleta asilimia 10 kwa mwaka. Mtapata shilingi 100,000, ambazo zikigawanywa kwa miezi 12 hazifiki 8,400 kwa mwezi. Hiyo ni nyongeza ya mshahara, si mishahara ya walimu wawili. Karo itaendelea kuhitajika, na kazi ya gawio itakuwa kuziba miezi ambayo bahari imechafuka na wavuvi hawana kitu. Kamati inayowaambia wazazi kwamba mfuko wa akiba utafuta karo itajikuta haina karo wala mfuko.

Kama wazazi hawaridhii riba, njia ya wakfu ipo, nanyi watu wa Pwani mmeizoea: misikiti mingi imeendeshwa kwa kodi ya nyumba na maduka yaliyowekwa wakfu. Vyumba viwili vya duka barabarani vinaweza kuifaa shule kuliko basi la watoto ambalo wafadhili hupenda kupigwa picha nalo. Kabla ya hayo, hakikisheni shule ina umbo la kisheria la kumiliki mali. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inahitaji wanachama wasiopungua 10, na kwa wanaotaka kuwa shirika kamili ipo Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, ambayo ilianza kutumika Mei 2024. Ulizeni wakili mali isiyohamishika iandikwe kwa jina la nani, kwa kuwa ikiandikwa kwa jina la mwenyekiti itarithiwa na watoto wa mwenyekiti.

Muda mlio nao ni huu uliobaki katika mkataba. Mwandikieni mfadhili sasa, kabla bajeti ya mwaka wa mwisho haijapitishwa, mkiomba sehemu ya fedha za mwaka huo iwe mtaji wa wakfu au wa akiba, na mtaje kiasi ambacho jamii yenu imekwisha kuchanga, hata kama ni kidogo. Mfuko ambao fedha zake ni za mwaka mmoja mmoja unaweza kushindwa kukubali, kwa sababu watoaji wake wanataka zitumike na ziishe. Ulio na fedha za kudumu huwa na uhuru zaidi wa kuliangalia ombi la namna hiyo.